Simu na tableti: je, unahitaji zote mbili?

Kabla ya kununua tableti, jiulize itafanya kazi gani ambayo simu yako haiwezi. Kwa masomo ya watoto au hesabu za duka, skrini kubwa inasaidia. Kwa kutuma na kupokea pesa, simu inatosha. Tableti nyingi ni za Wi-Fi pekee, hazina mahali pa kuweka laini.

Ukichukua kwa lipa pole pole, piga hesabu kwanza. Sh50 kila siku kwa mwaka mzima ni Sh18,250, mbali na malipo ya kwanza. Linganisha na bei ya kulipa mara moja.

Ukiwa na zote mbili, tunakushauri pesa zibaki kwenye simu. Tableti hushikwa na kila mtu nyumbani, kwa hivyo usiweke programu ya pesa humo. Na PIN ni yako peke yako. Hata mtoto asiijue.