Duka na darasa chini ya paa moja

SWALI: Mimi na mume wangu tuna duka la vyakula vya Kiafrika hapa Houston, Texas. Agosti tunaanza tena kuwafundisha wenyewe watoto wetu, wa miaka 7 na 11. Mwaka jana wateja walitushinda, masomo yakalala. Tupangeje safari hii?
Mama wa watoto wawili

JIBU: Dada, sheria imekuachia nafasi. Tangu kesi ya Leeper, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Texas mwaka 1994, shule ya nyumbani huhesabiwa kuwa shule binafsi. Unatakiwa kufundisha kwa dhati, kwa vitabu au video, masomo matano: kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Jimbo halikupangii saa wala siku.

Kwa hiyo usiige ratiba ya shule; fuata ya duka. Hisabati na sarufi, zinazohitaji mwalimu, ziishe kabla hamjafungua. Gawaneni zamu: mwenye darasa hapokei simu za wateja. Siku ya kupokea mzigo, watoto wasome vitabu tu. Wiki ya kwanza anzeni na masomo mawili, mengine yafuate.

Duka nalo lifundishe. Mdogo ahesabu chenji. Mkubwa atafute asilimia ya faida kwenye gunia la mchele. Lakini kupanga bidhaa kutwa nzima ni kazi, si somo. Wiki ikibana, punguzeni shughuli za duka kabla ya kugusa saa za watoto.