Kupamba Nyumba ya Jamaa kwa Fedha Kidogo
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Nilipomwambia mwenzangu wa bwenini kuwa muhula huu nitaandika habari za kupamba nyumba, alicheka sana, akaniuliza kama nimeacha somo la Kemia. Sikuliacha. Yaliyomo humu nimeyapata kwa Kemia kidogo, kwa bibi yangu sana, na kwa kosa langu mwenyewe, ambalo nitalieleza kabla sijamaliza.

Kwetu ni Muheza. Nyumba yetu ni ya matofali, kuta zimepigwa lipu lakini hazijapata kupakwa rangi, na bati juu. Baba aliijenga kabla hajafariki. Likizo ya Juni mwaka huu nilipofika nyumbani nilimkuta mama na habari mbili. Ya kwanza ilikuwa ya furaha: dada yangu mkubwa ameposwa, na baada ya siku 18 wazee wa upande wa mume watakuja kuzungumza habari za mahari. Ya pili ilinitia hofu: mama amekusudia kukopa shilingi 600,000 kwa mkopeshaji wa mtaani ili anunue makochi mapya, naye atalipa shilingi 780,000 kwa miezi mitatu. Mikopo ya namna hiyo watu huiita kausha damu, na jina hilo halikutolewa bure. Tena alikuwa na shauri la kuviuza viti vya baba ili apate nyongeza.

Fedha iliyokuwamo nyumbani ilikuwa shilingi 80,000, za machungwa yaliyouzwa. Nikamwomba mama anipe siku kumi na fedha hiyo, na kama sebule haitapendeza, basi akakope. Bibi akasema, "Mpe, mwanangu. Siku kumi si nyingi." Mama akakubali kwa shingo upande. Sasa nitaeleza tulivyofanya, hatua kwa hatua, ili na mwingine apate kufanya kwao.

Kwanza: Toa kabla hujaongeza

Watu wengi wakitaka kupamba nyumba hukimbilia dukani. Sisi tulianza kwa kutoa. Siku ya kwanza tulitoa uani kila kitu kilichokuwamo sebuleni, tukakitazama juani. Zilikuwamo kalenda saba za miaka iliyopita, maua ya plastiki yaliyojaa vumbi, redio mbovu mbili, ndoo zilizopasuka, magunia, na meza isiyokuwa na mguu mmoja. Tulirudisha ndani vile tu vyenye kazi au vyenye maana kwa jamaa. Jioni chumba kilionekana kimekuwa kikubwa, nasi hatujatumia hata senti moja.

Watu wa mwambao wa zamani walilijua jambo hili. Katika nyumba za mawe za Lamu kuta ni nene, zimepakwa chokaa nyeupe, na katika kuta za ndani wamechonga zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vyombo vizuri. Chombo kikawa na mahali pake, na ukuta mweupe ukakionyesha. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Watu hutoka mbali kuja kuzitazama nyumba zile, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa tu.

Pili: Tafuta mwanga

Sebule yetu ina madirisha mawili madogo, na kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi wa koroboi wa miaka iliyopita. Ukuta mweusi humeza mwanga, ukuta mweupe huurudisha. Rangi ya dukani kwa chumba kizima ingemaliza fedha yetu yote, kwa hiyo tukachagua chokaa.

Hapa ndipo Kemia iliponisaidia. Mawe ya chokaa yakichomwa tanuruni hutoa hewa ya kabonidioksidi, ikabaki chokaa hai. Chokaa hai ikitiwa maji huchemka kwa joto kali na kuwa chokaa iliyozimwa, nayo ndiyo tuipakayo. Ikikaa ukutani huivuta tena hewa ile ile ya kabonidioksidi na kurudi kuwa jiwe. Yaani mtu apakaye chokaa hupaka jiwe jembamba juu ya ukuta wake.

Mimi niliyajua hayo darasani, lakini siku ya kwanza niliyasahau. Nilikoroga chokaa nzito kama uji nikaipaka kwa haraka, nikidhani tabaka moja litatosha. Kesho yake ilikuwa imepasuka, na ukiigusa yatoka vumbi. Ikanibidi kuikwangua yote. Ikiwa nzito, juu hukauka upesi na hewa haifiki ndani, basi haigeuki kuwa jiwe. Njia iliyo sawa ni hii:

1. Sugua ukuta kwa brashi ngumu mpaka masizi na vumbi viondoke.
2. Koroga chokaa iliyozimwa kwa maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Tia chumvi konzi moja kwa ndoo ili isikauke upesi mno. Iache ilale usiku mmoja, kisha ichuje kwa kitambaa.
3. Lowesha ukuta kwa maji kabla ya kupaka.
4. Paka tabaka jembamba. Usishtuke ukiona ukuta bado waonekana. Chokaa ikiwa mbichi haina weupe, huwa nyeupe ikikauka.
5. Ngoja siku moja, urudie. Sisi tulipaka mara tatu.

Jihadharini na mambo mawili. Chokaa hula ngozi na hudhuru macho, kwa hiyo vaa glavu za mpira, na usipake juu ya kichwa chako bila kukinga macho. Tena chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Hutaka lipu tupu inywayo maji.

Sehemu ya chini ya ukuta, kiasi cha urefu wa goti, ambapo watoto hugusa na miguu ya viti husugua, tulichanganya chokaa na udongo mwekundu kidogo uliochekechwa vizuri. Tulijaribu kwanza nyuma ya nyumba mpaka tukapata rangi tuliyoipenda.

Tatu: Tengeneza kilichopo

Viti vya baba ni vinne, vilichongwa na seremala wa pale mjini. Vilikuwa vyeusi kwa uchafu, na mito yake imechanika. Nilipoanza kukisugua kimoja kwa msasa, chini ya weusi ule ikatokea rangi ya kahawia yenye mistari. Ilikuwa mninga. Mama alisimama mlangoni akatazama, asiseme neno, kisha akaenda kuchukua kipande cha pili cha msasa akakaa karibu nami. Siku ile habari ya kuviuza viti ilikwisha. Mninga ni mti mgumu ambao mchwa hawauli upesi, na makochi mengi ya bei nafuu yana mbao laini chini ya kitambaa kizuri. Tulivipaka vanishi kidogo, vikang'aa.

Mito tuliijaza sufi kutoka mti wa jirani, aliyetupa bure. Sufi huchambuliwa mbegu kwanza, kisha huanikwa juani.

Nne: Chagua rangi chache

Chumba chenye rangi kumi huonekana kama duka la mitumba. Sisi tulichagua rangi mbili, nyeupe na nyekundu ya udongo, na kila tulichonunua tulikipima kwa hizo. Sokoni kwenye mitumba dada alipata mapazia manne ya rangi moja. Yalikuwa marefu, akayapunguza, na vipande vilivyobaki vikawa vitambaa vya meza. Mapazia tuliyatundika kwa mianzi.

Tulinunua na khanga doti moja nyekundu na nyeupe, upande mmoja ukawa pazia la mlango wa ndani, wa pili ukashonwa foronya za mito. Nawaonya wenzangu: someni jina la khanga kabla hamjaitundika. Ya kwanza aliyoipenda dada ilikuwa na maneno ya kumsema jirani, na bibi akauliza kama ndivyo tunavyotaka kuwapokea wakwe.

Sakafuni hatukununua kitu. Bibi alikuwa na mkeka wa ukindu wa rangi alioushona mwenyewe, umekunjwa juu ya kabati miaka mingi. Kwanza husukwa ukili, yaani utepe mrefu, kisha ukili hushonwa ukapata upana. Nilipomwuliza kwa nini aliuficha, alisema aliona watu wa siku hizi wanataka zulia la dukani.

Tano: Pambo moja ukutani latosha

Juu ya ukuta mweupe tuliweka rafu moja ya ubao yenye vyungu vitatu, na picha ya baba. Na upande wa pili, picha ya ndege aliyoichora mdogo wangu juu ya kipande cha hadibodi kwa masalio ya rangi ya baiskeli. Msicheke. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi huko Dar es Salaam, na leo aina ile ya uchoraji hujulikana duniani kwa jina lake.

Hesabu yetu

Chokaa mifuko 2: 18,000
Brashi na glavu: 9,000
Msasa na chumvi: 2,000
Mapazia 4: 16,000
Khanga doti 1: 12,000
Uzi na sindano: 2,000
Vanishi kopo dogo: 8,000
Misumari: 2,000
Vyungu 3: 6,000
Jumla: shilingi 75,000

Zilizobaki 5,000 zilinunua sukari ya chai ya wageni. Riba peke yake ya mkopo ule ingekuwa 180,000, yaani zaidi ya mara mbili ya gharama yetu yote.

Wageni walipokuja

Wazee walikuja watano. Waliketi katika viti vya baba, na bibi mmoja wa upande wao akakataa kiti, akaketi mkekani, akaupapasa kwa mkono na kuuliza nani aliyeushona. Tangu hapo yeye na bibi yangu waliongea kama watu wa siku nyingi. Mazungumzo ya mahari yalikwisha vizuri, na mama alilala bila deni.

Sasa nitalitaja kosa langu. Usiku ule nilimwuliza mama kwa nini alitaka kukopa fedha nyingi namna ile. Akanijibu polepole kuwa mwaka jana, mwenzangu mmoja wa shule alipotaka kufika kwetu nami nikamzuia, nilimwambia yeye mama kuwa nyumba yetu yatia aibu. Mimi nilikuwa nimesahau maneno hayo. Yeye hakuyasahau. Aliona kama mwanawe anaona aibu, wakwe wataona nini?

Ndiyo sababu nimeandika makala haya. Wengi wetu hapa bwenini twarudi likizo tukilinganisha nyumba zetu na picha tunazoziona katika simu, kisha twasema neno moja na kurudi shule, na mzazi hubaki nalo. Heri kijana ashike brashi kuliko kusema. Nyumba ya kukaa jamaa haihitaji kufanana na ya mtu mwingine. Yahitaji usafi, mwanga, mpango, na mikono ya wenyewe.

Zoezi kwa msomaji: likizo ijayo toa kila kitu sebuleni kwenu, kwa ruhusa ya wazee, na uandike vitu vitatu ulivyokuta ambavyo ni vizuri nawe hukuvijua. Pengine kimo kiti cha mninga.

Na yule mwenzangu niliyemzuia, naye atasoma hapa: tukimaliza mtihani wa Novemba, karibu Muheza. Mama amekwisha kuuliza utakuja lini.