Maji na Moto wa Kemikali Yabisi

Aghalabu, watu waonapo moto hukimbilia maji. Makala haya yanaonyesha kwamba kwa baadhi ya kemikali yabisi, mazoea hayo huweza kuangamiza.

Umoja wa Mataifa umeziweka kemikali hizi katika kundi la 4, lenye matapo matatu. Tapo la 4.1 ni la yabisi zinazoshika moto kwa urahisi, mathalani salfa. Kibandiko chake kina mistari myekundu na myeupe. Za tapo la 4.2 huwaka zenyewe hewani. Miongoni mwazo ni fosforasi nyeupe, ambayo huhifadhiwa ndani ya maji. Kibandiko ni cheupe juu na chekundu chini. Za tapo la 4.3, lenye kibandiko cha buluu, hutoa gesi inayowaka zikikutana na maji: kalisiamu kabaidi, itumiwayo na baadhi ya wachomeleaji vyuma, hutoa asetilini, nayo sodiamu hutoa haidrojeni.

Hivyo basi, maji yanayoituliza fosforasi nyeupe ndiyo yanayoichochea sodiamu. Anayefika penye ajali na asome kibandiko kwanza, akiwa mbali, upande unakotoka upepo. Awaondoe watu umbali wa angalau mita 25, azuie sigara na cheche, kisha awaite wazimamoto na kuwatajia nambari iliyoandikwa. Sodiamu inayowaka hufunikwa kwa mchanga mkavu au unga maalumu. Hata mtungi wa kabonidioksidi haufai. Fosforasi nayo isiachwe ikauke, kwani huwaka tena.

Kwa ufupi, uzimaji wa moto huu huanza kwa kusoma.