Kijana Wetu Anasomea Udaktari: Kwa Nini Asikose Kliniki ya Macho

Vikundi vingi vimefanya harambee ili kijana wa kijiji asomee udaktari. Karo ikishalipwa, tunaona kazi imekwisha. Halafu tunampigia simu: kuna matanga, kuna harusi, njoo mara moja. Hebu tuangalie simu hiyo inaweza kumgharimu nini akiwa kwenye somo la macho.

1. Somo ni fupi
Upasuaji na magonjwa ya ndani husomwa kwa miezi. Macho, katika vyuo vingi, hupewa wiki chache tu. Tuseme ni wiki 4, yaani siku 20 za kazi. Akija matanga ya siku 5, robo ya somo imekwenda.

2. Mahudhurio yanahesabiwa
Kila chuo kina kanuni yake, na rejista huwekwa. Huko India, ambako vijana wengi wa Kenya husoma, sheria ya udaktari inataka asilimia 75 ya mihadhara na asilimia 80 ya mazoezi. Asipofikisha, haruhusiwi kufanya mtihani. Kwa kipimo hicho cha 80, katika siku 20 za kliniki anaweza kukosa 4 tu. Zile 5 za matanga zimeshapita!

3. Mtihani si kalamu peke yake
Kuna mtihani wa vituo, ulioanzia Dundee, Scotland, mwaka 1975. Mwanafunzi hupita meza kwa meza, kengele ikilia anahama. Hapa anapima nguvu ya kuona kwa chati ya herufi, jicho moja moja. Pale anamulika mboni kwa tochi. Kwingine anamweleza mgonjwa namna ya kutia dawa. Msahihishaji anamtazama na kuandika alama. Hapo kukariri kitabu hakumsaidii mtu.

4. Kwa nini wawe wakali hivyo?
Manake jicho hujifunzwa kwa kutazama macho mengi. Presha ya macho hula kuona polepole, mara nyingi bila maumivu, na dalili yake iko ndani, kwenye mshipa wa nyuma ya jicho. Mtoto ambaye mboni yake inang'aa nyeupe anaweza kuwa na saratani ya jicho. Akitibiwa mapema, maisha yake huokolewa. Daktari ambaye hakujifunza kuitambua anaweza kumrudisha mama nyumbani na chupa ya dawa ya matone. Mama huyo anaweza kuwa wa kikundi chetu.

5. Tufanye nini?
Hatusemi asimzike mzazi wake. Tunasema aombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kuondoka, na aulize siku alizokosa atazifidia lini. Sisi nasi, kabla ya kumwita, tumuulize kwanza: uko somo gani, na umebakiza siku ngapi za kukosa?

Maswali ya kuzungumzia kikundini
1. Mwaka huu tumewaita wanafunzi wetu nyumbani mara ngapi? Ni shughuli zipi zingefanyika bila wao?
2. Nani katika kamati atakuwa na ratiba ya masomo na mitihani yao?
3. Semina za kikundi chetu zina rejista? Je, tunampima mtu kwa vitendo kabla ya kumkabidhi kazi?