Somo kwa Wakazi wa Kata: Mbwa na Paka wa Mtaani Huokolewa na Mtaa Wenyewe

Tunduma ni mji wa mpakani, na mitaa yake imegusana na Nakonde ya Zambia. Watu na malori huvuka kwa taratibu za forodha na uhamiaji. Mbwa na paka huvuka popote. Mji wenye masoko, mama lishe na maegesho ya malori haumnyimi mnyama asiye na mwenyewe jalala la kula. Mtoto anapong'atwa, kauli ya kwanza kusikika mara nyingi ni kwamba mbwa wote wauawe. Somo hili linaeleza kwa nini njia hiyo haitoshi, na ni ipi inayowalinda watu na wanyama kwa pamoja.

Hatari iliyopo

Kichaa cha mbwa huenezwa kwa mate ya mnyama mgonjwa, hasa anapong'ata. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Paka naye aweza kuambukiza. Dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa, kifo karibu hakiepukiki. Hata hivyo, ugonjwa huu una chanjo.

Kwa nini kuua hakutoshi

Mbwa wa mtaa mmoja wakiuawa, jalala hubaki, na mbwa wa mitaa jirani huja kulirithi. Wageni hao hawana chanjo. Aidha, miongoni mwa waliouawa huwamo waliokwisha kuchanjwa, ambao walikuwa ukuta kati ya ugonjwa na watoto. Ukuta huo hukamilika pale ambapo mbwa wapatao 7 kati ya kila 10 wamechanjwa: virusi hukosa pa kupita.

Ushahidi upo hapa nchini. Kati ya mwaka 1996 na 2001, mbwa walichanjwa kwa kampeni katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ya pili. Watu waliohitaji tiba baada ya kung'atwa walipungua pia.

Wajibu wa kisheria

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na humtaka mwenye mnyama amtunze. Kumtupa mbwa aliyezeeka au paka mwenye watoto ni kuhamishia mzigo wa nyumba moja kwa mtaa mzima. Hata miji yenye makazi ya kuhifadhia wanyama hulemewa, iwapo wanaotupwa ni wengi kuliko wanaopata watu wa kuwachukua.

Hatua za mtaa

1. Mkutano wa mtaa uorodheshe mbwa na paka, wenye wenyewe na wasio nao, na orodha ifikishwe kwa Afisa Mifugo wa Kata.
2. Kila mfugaji ampeleke mnyama wake kwenye chanjo na kutunza kadi yake. Majirani wajitolee kuwapeleka wasio na wenyewe.
3. Wasiohitajika kuzaa wahasiwe au wafungwe kizazi na mtaalamu wa mifugo. Mimba ya mbwa au paka huchukua takribani miezi miwili tu, hivyo jike mmoja huujaza mtaa upesi.
4. Taka za chakula zihifadhiwe kwenye vyombo vyenye mifuniko.

Wapo wasiofuga mbwa, kwa sababu za imani au kwa kutopenda. Nao wana nafasi: kufunika taka, kutoa taarifa, na kuwakataza watoto kuwapiga mawe wanyama.

Mtu anapong'atwa

Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Afisa Mifugo ajulishwe kuhusu mnyama husika.

Maswali ya kujadiliwa mtaani

1. Mtaa wetu una mbwa na paka wangapi, na wangapi wamechanjwa?
2. Ni jalala lipi linalowavuta, na nani atalisimamia?
3. Nani atawapeleka kwenye chanjo wanyama wasio na mwenyewe?

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mtaa utakaojibu maswali haya kabla ya mtoto kung'atwa utakuwa umeokoa mtoto na mbwa kwa wakati mmoja.