Kwa Nini Udongo Hushikamana?

Umepata kuona ukuta wa udongo uliokauka? Huko Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, watu wamejenga kwa miti na udongo tangu zamani. Ukuta huo hauna saruji. Basi ni kitu gani kinachoushikilia?

Fanya jaribio hili. Chukua mchanga wa kujaza kiganja, na udongo wa mfinyanzi kiasi hicho hicho. Vitie maji kidogo, ufinyange madonge mawili, kisha uyaanike juani hadi yakauke kabisa. Sasa yaminye kwa vidole. Donge la mchanga litabomoka mara moja. La mfinyanzi litakuwa gumu.

Kila molekuli ina umeme wa aina mbili, chanya na hasi. Umeme huo hulingana, ndiyo maana ukishika udongo hupigwi na umeme. Lakini molekuli hazitulii. Joto huzitikisa usiku na mchana, na umeme ulio ndani yake nao huyumbayumba. Kwa muda mfupi mno, upande mmoja huwa chanya kidogo, na wa pili hasi kidogo. Umeme wa molekuli jirani huyumba kuufuata, nazo huvutana. Mvuto huu ni dhaifu, tena hupungua upesi vitu vinapoachana. Chembe za mfinyanzi ni ndogo sana na bapa, hukaribiana, kwa hiyo hushikana. Punje za mchanga ni kubwa. Hugusana mahali pachache tu.

Litie donge la mfinyanzi katika bakuli la maji. Litameguka polepole. Maji yamepenya katikati ya chembe, yakazitenganisha, na mvuto umepungua.

Mlima Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua nyingi, sehemu ya mlima huo yenye miamba laini iliyojaa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo viliporomoka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Hanang ni volkano ya kale, lakini siku ile haikulipuka. Ni maji yaliyoulegeza mlima.

Sasa finyanga madonge mengine mawili ya mfinyanzi. Moja lichanganye na nyasi zilizokatwakatwa, ziwe badala ya mizizi. Yakikauka, yatie majini kwa wakati mmoja. Lipi linameguka kwanza? Andika dakika katika daftari lako.