Mafunzo Niliyopata Nikipiga Picha za Wadudu Mtabila

Asali ya miombo ya Kasulu na Kibondo inajulikana, lakini wadudu wa misitu hii wachache tu wamewahi kutazamwa kwa karibu. Ndiyo sababu nabeba kamera kando ya Mtabila, iliyokuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi ilipofungwa Desemba 2012. Leo kuna kikosi cha JKT pale, kwa hiyo hukaa mbali na eneo la jeshi na huomba ruhusa kwa wenye mashamba.

1. Mtikisiko mdogo haupo. Lenzi ya makro ikifika ukubwa halisi, mdudu wa milimita 12 huchukua milimita 12 juu ya kihisi cha kamera, na kila mtikisiko hufika hapo bila kupungua. Kihisi cha upana wa milimita 36 chenye pikseli 6,000 kwa upana huo kina pikseli za milimita 0.006. Kamera ikisogea milimita 0.03, tayari umepoteza pikseli 5, na vinyweleo vinavyobeba chavua mguuni mwa nyuki vinageuka ukungu.

2. Kamera hujitikisa yenyewe. Kwenye kamera yenye kioo, kioo kikipanda hugonga, na madhara yake huonekana zaidi kwenye kasi za polepole, kama 1/15 ya sekunde. Inua kioo kwanza, subiri kidogo, kisha fyatua kwa waya au kwa taima ya sekunde 2, kidole kikiwa mbali. Isiyo na kioo, washa pazia la kwanza la kielektroniki.

3. Maharage ni stendi bora kuliko stendi nyingi za dukani. Wilaya hizi hulima maharage kwa wingi, na kifuko cha turubai kilichojazwa maharage makavu, bila kushindiliwa, hujikunja kufuata umbo la lenzi na kuituliza juu ya kisiki, jiwe au tuta la shamba. Pia kinakushusha chini, walipo wadudu wengi. Ukitumia stendi ya miguu mitatu, usipandishe nguzo ya katikati. Mzigo ukiutundika chini yake, uguse ardhi, maana ukining'inia upepo huufanya bembea.

4. Ua halina stendi. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, maana kamera inaweza kutulia kama mwamba huku bua likicheza. Nenda alfajiri, kabla jua halijauchochea upepo. Nyuki wa asali wakati huo wamo mzingani, lakini madume ya nyuki wapweke huwa bado wamelala, wameuma bua kwa taya, miili imepoa, na umande juu yao. Sijui picha nzuri zaidi ya kupiga katika nyanda hizi. Shikilia bua kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti, mbali kidogo na mdudu. Usimshike yeye wala kumpoza kwa barafu ili atulie. Picha ya namna hiyo siitaki.

Jua likishapanda na nyuki wa asali wakitoka, stendi haitakufaa tena. Tumia flashi. Kwa nguvu ndogo, mwako wake hudumu sehemu ya maelfu ya sekunde, mfupi kiasi cha kugandisha mkono na bua kwa pamoja, mradi mwanga wa jua usiizidi: piga kivulini, kwa 1/200 na tundu la f/11. Weka karatasi nyeupe mbele ya taa, iwe karibu na mdudu, kwa sababu kwa ukubwa halisi mwanga unaofika kwenye kihisi hushuka hadi robo.

5. Kitulizi cha lenzi kina kikomo. Vya zamani husahihisha mkono unaoinama, ilhali kwenye makro mkono unaosogea pembeni ndio mwenye madhara zaidi. Canon ilitoa lenzi ya makro ya milimita 100 yenye kitulizi cha aina zote mbili mwaka 2009. Hata hivyo hakirekebishi kusogea mbele na nyuma, na kwa kina cha fokasi cha milimita moja au mbili, huko ndiko jicho la nyuki hupotelea. Egemeza kiwiko chini, toa pumzi, kisha piga picha kadhaa mfululizo.